Kiboko Wako Bado Anarudi Nyuma

Festo, mtani wangu,

Mama yako amecheza gemu lako! Nilitaka nianze na salamu kama watu wazima, nikuulize hali ya huko, nikueleze habari za mvua na mpunga, nimeshindwa. Mama yako, yuleyule aliyekuwa akiita kompyuta yako "hilo sanduku linalokula mwanangu," juzi alikaa mkekani uani kwenu Katindiuka, simu mkononi, miwani puani, akicheza gemu la mwanawe huku ukoo mzima unamshangilia. Ngoja nikae vizuri nikusimulie kwa mpangilio, maana mwandiko wangu unajua wewe ulivyo, na nikiandika kwa furaha hausomeki kabisa.

Uliondoka gemu lako likiwa ndiyo kwanza limeingia sokoni. Homa ilikulaza kabla mtu hajaandika neno chini yake, kwa hiyo maoni hukusoma hata moja. Basi nikusomee. Festo, yalikuja mabaya! Mabaya ya kufurahisha, ya aina ile uliyokuwa ukiokota kwenye magemu ya wenzako na kunisomea huku umejishika mbavu. Mmoja kasema: "Kiboko anatembea kinyumenyume, anaingia mtoni kwa matako." Mwingine: "Simu imechemka mpaka mke wangu kaniuliza kama napiga pasi." Yupo aliyeandika kwamba mkulima wako anapita juu ya maji kama Petro kabla hajaogopa. Na karibu wote wanalia na jambo moja: ndege wa kwelea kwelea wanavamia mpunga ghafla, bila dalili yoyote, mchezaji anabaki na majani matupu hajui kosa lake ni lipi. Nyota mojamoja, zimejipanga kutoka juu mpaka chini.

Katikati ya hizo kuna nyota tanotano za watu wa hapahapa Ifakara. "Pumzika kwa amani kaka Festo, gemu zuri sana." Hizo ndizo zilizoniuma. Nilimbana mmoja wao pale kituo cha mabasi nikamuuliza ulimchukuliaje kiboko. Akaniuliza, kiboko gani? Hata kulipakua hakulipakua. Walikuhurumia tu, na wewe huruma ulikuwa huitaki hata ukiwa mgonjwa.

Nilisoma yote peke yangu, na nilikukosa, Festo. Nilikukosa vibaya sana. Kila tusi zuri nikigeuka kukuonyesha, hakuna mtu.

Unakumbuka tulivyoanza? Ng'ombe wa baba yangu waliingia kwenye majaruba ya mama yako, ukaja nyumbani kwetu na fimbo, umevimba kwa hasira. Ukanikuta nje nacheza lile gemu la mpira ambalo golikipa anaacha lango na kwenda kutembea karibu na mashabiki. Ulisimama nyuma yangu na fimbo yako. Baadaye ukasema, "Hebu mrudishe huyo golini." Nikakwambia harudi, ana mambo yake. Ulicheka mpaka ukakaa chini, na habari ya ng'ombe ikabidi uifuate kesho yake. Mimi Msukuma wa watu wa ng'ombe, wewe Mpogoro wa watu wa mpunga, na hapa bondeni wazee wetu wakikutana kwenye mikutano ya mipaka hawachekeani kivile. Utani wetu hakuna aliyeturithisha. Tuliutengeneza wenyewe, kwa sababu ya golikipa.

Na ndipo tukaanzisha Matanga ya Magemu, kipindi chetu cha mtandaoni, simu inayoturekodi imeegemezwa kwenye sado la mama yako la kupimia mchele, sisi wawili tunawazika marehemu waliokataliwa na dunia nzima. Wewe mfiwa, unasifia. Mimi mtani, nasema ukweli wote kama mtani anavyosema msibani, namwigiza marehemu anavyotembea, navaa kasoro zake kama shati. Sheria ulizitunga wewe. Mtani hamsemi marehemu ambaye hakumsindikiza hadi mwisho, kwa hiyo gemu hata liwe bovu vipi tunalimaliza. Halafu hatufungi kipindi bila kugawa urithi: kila mmoja ataje kitu kimoja ambacho marehemu alikuwa nacho na walio hai wakichukue. Lile gemu la malori, lile ambalo lori likigonga jiwe linapaa, wahakiki wote duniani walilicheka na kwenda zao. Wewe ukasema, "Tazama mvua kwenye kioo. Huyu aliyechora hii mvua ameshaendesha gari kwenye mvua, tena akaogopa." Nilirudi kutazama, na kweli. Tangu siku hiyo siwezi kusoma uhakiki wa mtu anayetukana tu halafu hana cha kurithi. Naona hajamaliza kazi.

Sasa sikia kilichotokea. Mama yako alikwenda mashineni kukoboa, mtu akamsomea maoni yako moja baada ya jingine, labda akidhani anamchekesha. Mama alirudi nyumbani hakukoboa. Akaniita. Nilimkuta kakaa na gunia lake vilevile. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, kisha akasema, "Minza, mwanangu yuko kaburini na watu wasiomjua wanamtukana. Litoe hilo gemu."

Uliniachia neno la siri mimi, Festo. Kulifuta ni kugusa mara moja tu, na likishafutwa huko sokoni, gemu pekee ulilotengeneza maishani mwako limekwisha. Sikuweza kumbishia, ni mama, na ni mfiwa. Lakini nilijua wewe ungesema nini. Nikamwomba tulifanyie matanga kwanza, siku ya kujengea kaburi, ndugu wote wakiwepo. Akishaona, akisema lifutwe, nitalifuta mbele yake. "Haya," akasema. "Lakini nikiona mnamdhalilisha mwanangu, unafuta hapohapo."

Siku ikafika. Kaburi lako limependeza, saruji nyeupe, msalaba umenyooka. Katekista alisali, watu wakala, halafu mjomba wako akatoa tivii nje akaiweka barazani. Kwaya ya kigango wakatuazima spika yao kubwa. Nikaunganisha simu, nikasimama mbele ya ukoo wa Kipogoro, mimi binti wa ng'ombe, kumsema marehemu wao. Nilitoka jasho mpaka kwenye visigino.

Nikaanza. Nikamsema mkulima wako asiyelowa. Nikasema wali ukiiva kwenye gemu hili una rangi ya kijani, labda mpishi alisahau kukoboa. Nikasema adui mkubwa wa gemu zima, kuliko hata mafuriko, ni mwanamke mwenye kofia anayeswaga ng'ombe kwenye mpunga wa watu, na jina lake ni Minza! Hukuniambia, mshenzi wewe! Nimekaa na wewe muda wote huo kumbe unanichora kofia! Hakuna aliyecheka. Watu wote walikuwa wanamtazama mama yako, na mama yako anatazama tivii. Nikamwigiza kiboko, nikapita uani kinyumenyume, nikajikwaa kwenye sufuria la pilau. Nikaona hapa gemu limekwenda, na mimi ndiye niliyelimaliza.

Basi bibi yako akakohoa. Unamjua bibi, na mjukuu ni mtani wake, ile haki haiombwi. Akasema polepole, "Huyo kiboko mbona ni Festo mwenyewe. Ukimtuma shamba, uso unakwenda shamba, miguu inarudi kitandani."

Festo, uani palilipuka! Mjomba wako alimwaga togwa. Mama yako akaziba mdomo kwa kanga, mabega yanapanda na kushuka, sikuweza kujua kama analia au anacheka. Nadhani vyote.

Na hapo ndipo lilipotokea lile ninalokuandikia barua hii yote. Nikabonyeza kuanza gemu. Ukaanza wimbo wako. Rafiki yangu, tuseme ukweli, ule wimbo! Ulipiga kinanda mwenyewe, ukaimba mwenyewe, na inasikika kama mbuzi kanasa kwenye uzio. Kila aliyefungua gemu lako, na mimi nikiwemo siku ya kwanza kabisa, alizima sauti kabla ubeti haujaisha. Nikarukia spika niipunguze. Mwalimu wa kwaya akanizuia mkono, akasema hicho kitufe ni kibovu, kikiguswa kinang'oka, acheni ilie. Ikalia. Watu wakavumilia kwa heshima ya marehemu.

Kumbe wimbo una mwisho! Sikuwahi kujua. Ukaisha, vikasikika vyura, maji, upepo wa jaruba. Halafu, kutoka kwenye spika ya kwaya, kwa sauti ya kujaza mtaa mzima: "Hooo! Hooo! Festo! Ndege hao! Amka, Festo, ndege hao!"

Mama yako. Sauti yake hasa, yuko juu kwenye kichanja cha dungu anawinga ndege, vile anavyopiga kelele mpaka kwetu tunasikia. Ulimrekodi shambani na yeye hana habari! Na mara tu sauti ilipopita, kwelea kwelea wakatokea. Ndiyo ilikuwa dalili. Umeelewa, sisi wahakiki tumekulaumu ndege wanakuja bila taarifa, na taarifa ulitoa, tena uliitoa kwa sauti ya mama yako, sisi tukaizima kwa sababu hujui kuimba!

Mama akainuka, akasogea mpaka karibu kabisa na spika, akaishika kwa kiganja kama mtu anayepima joto la mtoto. "Ni mimi huyo," akasema. "Mwaka ule wa ndege wengi. Alikuwa kalala chini ya dungu." Akaniomba nirudie. Nikarudia. Nikarudia tena, pamoja na wimbo, na hakuna aliyelalamika wimbo. Kisha akanyoosha mkono, "Lete hiyo simu."

Alicheza vibaya, usidanganyike. Lakini kila sauti yake iliposikika aliitikia kwa mdomo, "Nimewaona, nimewaona!" na ndege aliwafukuza wote. Akaokoa mpunga wote. Halafu yule mwanamke wa kofia akaingia na ng'ombe wakala kila kitu, mama yako akageuka akanifokea mbele ya watu, "Minza! Ng'ombe zako!" Na ukoo mzima ukaitikia, "Ng'ombe zako!" Nilicheka nikalia, Festo. Sijawahi kuwa wa nyumbani kwenu kama siku ile.

Tukagawa urithi. Bibi akachukua kiboko, akasema asirekebishwe, aendelee kurudi nyuma mpaka yeye mwenyewe amfuate. Mimi nikachukua kofia. Mama hakusema anachukua nini, hakuna aliyemuuliza. Alisema tu, "Lisifutwe." Halafu, alipokwisha kufuta miwani, akaongeza, "Ila huo wimbo, jamani. Kuimba hakurithi kwangu."

Kipindi cha siku ile nimekirusha mtandaoni. Nimewaomba watu wawashe sauti na wavumilie wimbo. Bado wanakutukana, furahi! Na hapa chini ni maoni mapya kabisa, mtu wa mbali, simjui: "Gemu bovu, kiboko ana wazimu. Nimewasha sauti mlivyosema. Huyu mama anayeita ni nani? Nimekaa hapa nimemkumbuka wangu." Nilimpelekea mama yako nikamsomea. Aliniambia, "Mjibu kwamba ni mama yake Festo. Na umwambie asitazame machozi, atazame ndege." Nimemjibu hivyohivyo.

Naanza kujifunza kazi yako, kwenye sanduku lako lilelile. Leo nimeshinda nalo, nilichofanikiwa ni kumgeuza mkulima rangi ya zambarau. Lakini nakuahidi, mbele ya bibi na mama: wimbo nitautoa, ili atakayefungua aanze na vyura na maji, na asizime. Wali nitaukoboa. Kiboko hakuna atakayemgusa. Kofia nitaivaa mwenyewe kwenye kila kipindi, na kila marehemu ambaye ungemzika nitamzika kwa sheria zako, nikimsindikiza hadi mwisho.

Mama anaanika mpunga uani na gemu limewaka kando yake, sauti juu. Anakuita tena uamke.

Wewe lala, mtani wangu. Ndege tumewaona.

Minza, mwenye ng'ombe