Nani Anachungulia Kamera Yangu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefuta lenzi, nimechaji betri, nimekung'uta vumbi la mtaa wetu, Kamalondo, kwenye mkoba. Kazi ya kila Jumatatu. Kamera yangu ni ile ya watu wanaoanza, ya plastiki, na lenzi moja iliyokuja nayo ndani ya boksi. Mimi si mtu anayeanza. Lakini imenilisha, siisemi vibaya. Gurudumu la juu liko kwenye mraba wa kijani tangu siku ya kwanza, kamera ichague yenyewe kila kitu: mwanga, flashi, yote. Wateja hawalalamiki.

Leo nimeweka jicho kwenye kitundu cha kuchungulia. Ua wote ukungu. Nimefuta kitundu. Ukungu. Nimepiga picha ya mlango wetu, imetoka safi kabisa. Basi si kamera. Ni mimi. Macho yanakwisha.

Sijamwambia mke wangu, Mama Deo. Mpiga picha kipofu, nani atakubali kuolewa naye mara ya pili?

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepimwa macho. Ni mazima. Badala ya kufurahi nimeudhika.

Nikampitia Trésor kule Kasapa, kwenye geti la chuo. Anawapiga picha wanaomaliza masomo, wakimwagiwa poda nyeupe kichwani na ndugu zao mpaka wanafanana na watu waliotoka mashineni kusaga mahindi. Sipendi kumwomba Trésor kitu chochote. Ni kijana, ana lenzi tatu, na shati lake halina mkunjo hata jioni.

Akachungulia kamera yangu. Akazungusha kigurudumu kidogo sana kando ya kitundu. Miaka yote sijawahi kukigusa. Nikachungulia mimi, chuo kizima kikarudi mahali pake.

Akasema: "Iyi njo ya macho, vieux. Kila mutu anaiweka sawa na macho yake. Mutu mwingine iko anachungulia mu appareil yako."

Akaniita mzee, akatabasamu. Nimelichukia lile tabasamu njia nzima.

Ijumaa, 8 Agosti

Mtu mwingine. Nani? Deo ni mdogo, hafiki kwenye rafu.

Mama Deo anavaa miwani. Mwenye miwani akiivua ili achungulie, lazima akizungushe kile kigurudumu. Haihitaji akili nyingi.

Nimetazama namba za picha. Zinaruka. Picha zimepigwa, zikafutwa, lakini kamera inaendelea kuhesabu. Anapiga nini ambacho sitakiwi kukiona? Anampiga nani?

Na gurudumu kubwa limeachwa kwenye herufi A. Mimi mwenyewe sijui A ni ya nini. Nani amemfundisha mke wangu A?

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa nilibaki na wanakwaya. Nilipofika nyumbani Trésor alikuwa amesimama getini kwangu na Mama Deo. Alikuwa amekunja vidole viwili kama pete, anaifungua pete, anaifunga. Mama Deo anaiga. Wanacheka.

Waliponiona waliacha kucheka. Trésor akanisalimia kwa heshima zote, akaenda zake.

Nina wivu. Naandika hivyo hivyo. Wivu wa mume kwanza. Halafu kuna mwingine chini yake, mbaya zaidi, na huo una harufu ya kazi yangu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemuuliza. Alikuwa anachekecha unga, hakuacha kuchekecha.

"Papa Deo, Mama Zaina anaolesha mutoto wake siku ya posho. Ku upande ya banamuke, banaume habaingiake. Alikuomba umutafutie mwanamuke wa kufanya ma photos, weye ukacheka. Njo nikajifunza."

Siku ya posho ni Jumamosi hii. Nimekumbuka. Mama Zaina ni fundi cherehani wa jirani, Mwislamu, wazee wake walitoka Maniema. Alikuja mwezi uliopita, nikamwambia Kamalondo nzima hakuna mwanamke anayeweza kushika mashine hii. Nilicheka kweli. Mama Deo alikuwa palepale, anamimina chai.

Nikauliza kuhusu Trésor.

"Nilimuuliza A ni ya nini. Weye ungenielezea?"

Nisingeweza.

Anasema A ni yako wewe kuchagua tundu la lenzi lifunguke kiasi gani. Likifunguka sana, nyuma ya mtu panakuwa ukungu laini na sura inabaki peke yake. Ndizo zile picha za Trésor ambazo wateja wangu wananionyesha kwenye simu zao. Miaka yote niliamini ni bei ya kamera yake. Kumbe na yangu ilikuwa nayo. Ilikuwa mkononi mwangu.

Nimemwambia aende, achukue kamera. Nimesema kwa sauti ya mume mwema. Moyo ulikuwa unachemka.

Jumamosi, 16 Agosti

Asubuhi, alipokuwa anaoga, nilifungua mkoba. Pembeni mwa lenzi kuna swichi. Upande mmoja lenzi inajitafutia yenyewe picha safi, upande wa pili inangoja mkono wa mtu. Nikaisukuma ingoje mkono. Kisha nikakirudisha kigurudumu kidogo kwenye macho yangu, ili akichungulia, ukungu wa picha asiutofautishe na wa macho yake.

Nikafunga mkoba.

Alivaa kitenge cha bluu. Amependeza sana, na hilo pia liliniudhi.

Jumamosi hiyohiyo, jioni

Tumerudi.

Wanaume tuliketi uani chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki. Wanawake ndani, nyuma ya pazia. Mlangoni kulikuwa na beseni: kila mwanamke anatumbukiza simu yake, ili picha zisitoke nje. Kamera moja tu iliingia. Yangu. Niliyoiharibu.

Vigelegele vya kwanza vilipolia nilijua bibi harusi ameingia. Mtoto wa Mama Zaina, niliyempiga picha siku ya komunyo ya rafiki zake, akiwa amesimama pembeni anatamani. Siku hii hairudiwi. Picha zote zitatoka ukungu, na mtaa utasema: Papa Deo alisema ukweli, mwanamke hawezi. Ndicho nilichokitaka. Pilau sikuigusa.

Nikasimama nikamwambie Mama Deo. Simu yake iko kwenye beseni. Nikafika karibu na pazia. Bibi mmoja akanizuia kwa kiganja.

"Papa, unaenda wapi? Apa ni pa banamuke."

Nikarudi kwenye kiti. Nikalitazama pazia mpaka shingo ikauma.

Mama Deo alitoka akicheka na Mama Zaina, akamkabidhi kadi ya picha mkononi. Nikamuuliza kama zimetoka. Zimetoka. Nikasema anionyeshe. Hazionyeshwi wanaume.

Njiani, bila kunitazama:

"Kale kaswichi nilikaona mbele ya kuingia."

Tukatembea hadi nyumbani. Alinipa mkoba niubebe.

Jumapili, 17 Agosti

Misa. Hatuzungumzi. Deo ameuliza nani amekufa.

Jumatatu, 18 Agosti

Mama Zaina amepita mbele ya mlango anamwimbia mke wangu sifa. Wanawake wengine wawili wamekuja kumuulizia. Si mimi, yeye. Sitajua kamwe kama ni bora kuliko mimi. Hakuna mwanamume atakayeziona zile picha. Hilo ndilo linalonitafuna.

Nimemwambia: swichi ni mimi. Akasema anajua. Akaendelea kuanika nguo. Nikashika ncha ya pili ya shuka.

Jumatano, 20 Agosti

Mama Zaina amerudisha kadi. Tupu, isipokuwa picha moja.

Ni mimi. Kiti cha plastiki, sahani ya pilau mapajani haijaguswa. Amenipiga kutoka ndani, kwenye upenyo wa pazia. Turubai, wazee, watoto, vyote vimekuwa ukungu laini nyuma yangu. Mimi peke yangu ndiye ninayeonekana, hadi mkunjo kati ya nyusi. Namtazama moja kwa moja bila kujua.

Nimepiga picha mtaa huu wote. Ya kwangu sikuwa nayo.

Ni nzuri kuliko zangu zote. Inaniuma bado.

Nimefuta lenzi. Nimechaji betri. Nimeweka jicho kwenye kitundu: ukungu. Kigurudumu nimekiacha hapohapo.