Huku Hakuna wa Kuchomoa Plagi

Mpendwa dada Nekesa,

Salamu kutoka ghorofani, katikati ya jiji. Kiti changu kinazunguka, chai naletewa mezani, na tangu nihamie kampuni hii sijabuni kitu. Hata kimoja, dadangu!

Mbona kule mtaani Satellite, kwenye karakana yetu ya mabati, mawazo yalikuwa yanakuja bila kuitwa? Unakumbuka ile mashine yetu ya kwanza ya kuangua vifaranga? Niliimaliza, nikaipangusa, nikasimama kando nikijiona bingwa. Ukaja na kikombe chako cha uji, hata salamu hukutoa, ukachomoa plagi.

"Wewe Nekesa! Unafanya nini?"

"Stima imepotea. Sasa mayai ya watu yatafanya nini?"

Woi, nilikununia! Halafu tukakaa, tukabishana, tukapanga chupa za maji chini ya trei ili zishike joto stima ikipotea. Vifaranga walipoanguliwa, ulipiga vigelegele mpaka jirani akadhani kuna harusi. Ndivyo tulivyofanya kila kitu: mimi naunda, wewe unaharibu, kesho naunda tena.

Mshahara wa huku ulinivuta, sikatai. Nawe baadaye ukachukuliwa na kampuni ya kule mtaa wa Karen. Huku nikionyesha mchoro wananipigia makofi, "Safi sana, Mutua!" Basi, imeisha hapo. Nawe uliniambia kwa simu kwamba huko kwenu ukigusa kazi ya mtu wanaitisha mkutano. Tulicheka, lakini nilipokata simu nilijisikia mpweke kweli. Nakukosa sana, dada. Nakosa hata kelele zako.

Sasa wakubwa wamenipa mpaka mwisho wa mwezi: nilete kitu kipya au nitafute kazi kwingine. Nimejaribu, wacha tu. Jana nilipita Satellite. Mwenye nyumba anasema karakana yetu haijapata mpangaji. Sikuikodi, kwa sababu nikiwa peke yangu nitakaa mle nikitazama ukuta, jinsi ninavyokaa huku.

Wakinifuta, kazi nyingine nitapata. Mtu wa kunibishia kama wewe nimemtafuta jengo zima, hayupo. Niambie kama utarudi tuanze tena. Na kama hutaki, usinyamaze tafadhali. Nipigie unikatalie kwa sauti. Nimekaa sana bila mtu wa kuniambia hapana.

Ubaki salama, dada.

Ni mimi, mdogo wako wa karakana,
Mutua