Barua ya Pole ya Jenerali Micah

Micah uko wapi? Pigia mathe yako simu sasa hivi. Umekufa!

Unakumbuka ile PDF ya kampeni tulitoa kwa net, ya mchezo wetu wa vijeshi vya plastiki? Inasema jenerali akianguka, mshindi aandikie familia yake barua ya pole. Nikaandika, nikaprint, nikaisahau kwa kaunta ya duka letu.

Mummy ameisoma! "Micah alianguka darajani akipigana kama simba." Na vile vijana walipigana na kuuawa mitaani January, angekosaje kuamini? Analia, "Sachin, mbona hukuniambia?" Amefunga duka, amebeba sufuria ya wali, anaenda kwenu Bondeni.

Nimemkimbilia hadi barabarani nikipiga nduru: "Mummy, wacha kulia, ni mimi nilimuua!"

Watu wote wamegeuka. Hata askari.

Kuja haraka, na ukuje ukiwa hai.