Magunia Sita ya Korosho Zako

Mzee Saidi, shikamoo.

Najua hutaitikia. Lakini kwa miaka tisa nimekuamkia kila asubuhi mlangoni mwa ghala, na sijui namna nyingine ya kuanza kusema na wewe.

Arobaini yako haijafika. Nilikuwa miongoni mwa waliokuosha. Tulisugua vidole vyako kwa sabuni, tukasugua tena, weusi wa mafuta ya maganda ya korosho ukagoma kutoka. Shemeji yako akasema, "Uacheni. Huo ndio mkono wake." Ukaenda nao.

Kijiji kimenipa kazi yako ya ukaguzi. Nimekabidhiwa mkasi wako wa kupasulia korosho na bambo lako, kile chuma chenye ncha tunachochomea gunia kutoa sampuli bila kulifungua. Nimepewa mimi, niliyekuja ghalani mara ya kwanza kukutukana! Nilikuwa nimeandika gazetini kwamba wakaguzi wa vijijini ni vibaraka wa wanunuzi. Ulinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, ukanipa bambo. "Haya, mwandishi, choma mwenyewe." Nikachoma juu, zikatoka korosho safi, nikakutazama kwa ushindi. Ukalichukua, ukalizamisha mpaka chini, zikatoka mbichi. Ukazipasua, viini vimesinyaa, vya njano. "Za juu wamekupangia wewe," ukasema. Gunia lenyewe lilikuwa la kaka yangu aliyeoa hapa kijijini. Watu walicheka mpaka nikatamani kurudi kwetu Somanga kwa miguu.

Sasa nisikilize, Mzee. Nimefanya jambo.

Ulipofariki, korosho zako za mwisho zilikuwa bado chini ya miti, na mvua imeanza. Watu wa msibani waliona haya kumwachia mkeo mzigo ule naye yumo edani. Wakaingia shambani, wakaokota zote, wakazishindilia kwenye magunia sita bila kuzianika. Juu wakamalizia na zile ulizokausha mwenyewe kabla hujaugua. Hapakuwa na hila. Walikuwa na huruma na haraka, basi.

Walipozileta ghalani nikashika bambo. Jirani yako Bi Hadija akanitolea macho: "We mwandishi, unataka kumkagua marehemu? Haya, mwite kwanza aje ajibu!" Watu wakacheka, wengine wakalia humohumo ndani ya kicheko.

Nikachoma juu. Juu tu, Mzee. Zilizotoka zilikuwa kazi ya mikono yako: ukizitikisa zinalia, ukizipasua kiini cheupe. Nikaandika daraja la kwanza. Sikulishusha bambo kwa sababu nilijua litatoka na nini. Hilo ndilo linalonila.

Lori likapeleka mzigo wa kijiji kizima ghala kuu, Lindi. Walipofungua turubai, magunia yako yalikuwa yanafuka joto, ukungu umeshaota, na unyevu umehamia kwenye magunia ya wenzio. Mzigo wetu wote umeshushwa daraja la pili. Wote! Hata wa wale waliozigeuza korosho zao juani siku nzima, kama ulivyowafundisha.

Na kijiji kinasema nini? Kwamba mkaguzi wa Lindi ametuonea. Wamekuja kwangu, wazee kwa vijana: "Andika! Wachane hao!" Nikaandika. Wallahi, sijawahi kuandika makala kali kama ile. Niliwaita wanyonyaji, nikawaita kupe, nikajisomea kwa sauti damu ikachemka. Kisha nikaisoma tena, polepole. Hapakuwa na neno la kweli hata moja. Mkaguzi yule alifanya kazi uliyonifundisha mimi. Nikaichana.

Miaka yote nimewapigia kelele wakubwa wanaofumbia macho uozo wa watu wao. Nilidhani ni maradhi ya wenye viyoyozi. Kumbe huanzia mahali padogo tu: mtu unayempenda, gunia, na macho ya watu yamekukazia.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Bi Somoe, mkeo. Nimesimama nje ya mlango, nikamweleza kupitia kwa binti yenu. Binti akaingia ndani. Kisha akarudi na jibu: "Mwambie asiwasingizie watu wa Lindi. Ila jina la mume wangu alifiche."

Nimeondoka na maneno hayo kifuani. Siwezi kuyatimiza, Mzee. Ijumaa baada ya swala kuna mkutano wa chama cha ushirika. Nikisema kulikuwa na magunia mabovu nisiseme ya nani, watamtafuta mwenyewe, na watampata mtu asiyehusika. Wameshaanza kunyoosheana vidole.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Nitasimama, niweke bambo na mkasi mezani, niseme magunia yalikuwa ya Mzee Saidi, na aliyeyapitisha ni mimi, kwa macho yangu mawili. Kama watanipokonya kazi, wanipokonye. Bi Somoe huenda asinipokee tena mlangoni kwake. Nitakwenda hivyohivyo.

Pumzika, Mzee wangu. Mola akupanulie hapo ulipo. Ijumaa nitalitaja jina lako mbele ya watu wote, nawe hutakuwepo kujitetea. Nisamehe kwa hilo. Lile la kuchoma juu tu sikuombi unisamehe.

Mwanafunzi wako.