Bwana Harusi Bado Yuko Nje

Tafraout,
Jumapili, 14 Aprili 2019

Mpendwa Mama Mdogo Rkia,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Goti linalokusumbua kila baridi ya Lyon linaendeleaje? Sisi wazima. Mlozi ulioupanda mlangoni umezaa, na Bibi anasema umezaa kwa kuchoka kukusubiri.

Ningependa niishie hapo kwenye mlozi, ila nina hasira, na unajua mimi hasira siwezi kuisema kwa mdomo.

Unazikumbuka beti alizoimba Bibi siku ya harusi yako, mlango umefungwa, wanawake wa upande wa Baba Mdogo wako nje, wanajibu ubeti kwa ubeti ndipo wafunguliwe? Nilizitafsiri kwa Kifaransa kwa ajili ya shindano la shule. Zikashinda, zikachapwa kwenye kijitabu.

Mwalimu wa Kifaransa amekata majibu yote ya wale wa nje. Eti marudio yanamchosha msomaji, shairi la kisasa ni sauti moja. Nilimsomea Bibi kilichobaki, nikikirudisha kwa lugha yetu, naye anapasua lozi kwa jiwe. Akauliza, "Na wale wa nje wako wapi?" Nikamwambia mwalimu kawaondoa.

"Kwa hiyo nimesimama nyuma ya mlango naimba peke yangu kama kichaa? Mwambie mwalimu wako, bwana harusi bado yuko nje, ananyeshewa."

Alicheka mwenyewe. Mimi sikuweza.

Chini ya shairi wameandika: mtunzi hajulikani. Hajulikani vipi, Mama Mdogo? Yuko uani sasa hivi, ananiita nikamshikie mbuzi amkamue.

Lakini neno hilo walilipata kwangu. Jaji wa shindano kutoka mjini aliniuliza nani katunga. Nikaona haya kumtaja bibi asiyejua kusoma. Nikajibu, "Ni za zamani tu, hazina mwenyewe."

Jana Bibi akataka nimwonyeshe jina lake lilipo. Nikaweka kidole pale pale, kwenye hajulikani. Akalipapasa, akabusu vidole vyake, akakifungia kijitabu katika sanduku lake la harusi. Shule imenipa lugha ya pili, na kazi niliyoipa ni kumdanganya yeye.

Ijumaa natakiwa nikalisome shairi ukumbini mbele ya wakubwa. Sisomi lile la kijitabuni. Nimemwomba Bibi na majirani zake wanne wakae nje ya mlango wa ukumbi. Nitaufunga, nitataja kwanza jina la Bibi, Ijja binti Brahim, kisha nitaanza ubeti kwa lugha yetu, waitikie kutoka nje. Mwalimu akikereka, angoje zamu yake.

Ukumbi huo hata siuogopi sana. Naogopa Alhamisi, siku nitakayomwomba Bibi afungue sanduku, nimwambie nilimwonyesha nini.

Nisalimie Baba Mdogo Lahcen na mdogo wangu Tiziri. Mama anasema upige simu. Mungu asikufungie mlango wowote huko uliko.

Mwanao akupendaye, mwenye aibu yake,
Tlaytmas