Kibati cha Nyuma ya Ukuta

Dayton, Ohio
2 Machi 2004

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta unapumua vizuri kuliko ulivyokuwa Krismasi. Huku sote wazima, na wajukuu wanaulizia mkate wako wa mahindi. Ningepiga simu, lakini tangu masikio yako yagome tunapigiana kelele tu mpaka jirani anagonga ukuta.

Baba, mnunuzi wa nyumba yako amepatikana. Ni mwalimu, ana mke na watoto, na nyumba ameipenda. Benki yake inamtuma mthamini, Bwana Pruitt. Tafadhali usimtanie. Vumbi la mgodi halitatoka kifuani mwako, na Mama akiwa hayupo, nani atakusikia ukikohoa? Chumba chako hapa kwangu kiko tayari, nimeshakipaka rangi.

Binti yako,
Tonya

Caney, Kentucky
19 Machi 2004

Mwanangu Tonya,

Marahaba, mama. Sijambo. Kifua ni kilekile, na mbwa kazeeka kunishinda mimi.

Mthamini wako alikuja, kijana mpole. Nikamtembeza: baraza, ukuta wa matofali, paa jipya, jiko nililompanulia mama yako, na chumba chako. Alipima weee, mwisho akasimama katikati, akauliza, "Mzee, nyumba yenyewe iko wapi?"

Nikamwambia, "Si umesimama ndani yake?"

Akatambaa uvunguni, akatoka na utando wa buibui kichwani. "Mzee, hii nyumba ina ekseli za magurudumu!"

"Na wewe una kitovu," nikamjibu. "Kuna aliyekuuliza?"

Alicheka, lakini aliandika. Anasema kwa kuwa ilitoka kiwandani ikaburutwa na lori, lazima akione kile kibati chekundu chenye namba walichokigongomelea nje, mwisho wa ukuta. Bila kibati benki haimkopeshi mnunuzi, hata ningezungushia marumaru. Iliniuma. Unakumbuka kanisani walivyokuwa wakimwita mama yako Bibi Magurudumu? Ndiyo sababu nilifunika kila kitu.

Baba yako

Dayton
30 Machi 2004

Baba mpendwa,

Shikamoo. Unakunywa dawa, au unampa mbwa?

Hicho kibati ulikifunika mwenyewe, kwa hiyo unajua kilipo. Ule mwisho wa nyumba ya zamani sasa ni ukuta wa chumba changu, pale kitanda kilipo. Kata mbao, Baba. Usikionee huruma chumba hicho, ulikijenga nimeshaondoka, sikulala humo hata wiki nzima. Ukikiona kibati tu, mambo yamekwisha, nakuja kukuchukua.

Binti yako,
Tonya

Caney
16 Mei 2004

Mwanangu,

Marahaba. Usinikasirikie kwa kuchelewa, mikono siku hizi inatetemeka. Watoto hawajambo? Huku mvua haikatiki, lakini maua ya mama yako yamechanua yote, na nimempelekea kaburini.

Nimekata ule ukuta. Tumetafuta, mimi na Darrell wa jirani, hakipo. Labda niliking'oa zamani nikasahau, uzee huu. Mwambie mwalimu asubiri kidogo, au atafute nyumba nyingine, hatutamlaumu. Chumba chako nimekitengeneza vizuri tena, na shuka nimebadilisha.

Baba yako

Dayton
8 Agosti 2004

Baba,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Darrell ameniambia umelala hospitali mara mbili na ukamkataza asiniambie.

Wewe, fundi unayekumbuka kila msumari, unasahau kibati? Mwalimu bado anasubiri. Oktoba nakuja na msumeno wangu, nitakata mwenyewe. Nina hasira, na ninaogopa. Tafadhali niandikie.

Tonya

Caney
24 Oktoba 2004

Baba yangu,

Shikamoo, ingawa leo hakuna wa kuniitikia.

Nimekukosa kidogo tu. Darrell alikukuta asubuhi kwenye kiti cha barazani, mbwa miguuni. Tumekulaza kando ya Mama. Watu wa kanisa wameleta maharage na mkate wa mahindi hadi meza imejaa, na wote, Baba, wote wameisifu nyumba.

Jana nililala chumbani kwangu. Juu ya kitanda umetundika kalenda ya duka la mbegu, na iko Aprili bado. Nilipoishika nigeuze kurasa ifike mwezi huu, nyuma yake nikaona kimlango cha mbao, kina bawaba mbili na kitasa cha kabati. Nikafungua. Kibati kipo, chekundu, umekisugua hadi kinang'aa.

Tangu Aprili! Nimelia mpaka mbwa akaja kunilalia miguuni. Ungesema tu, Baba. Ungesema "sitaki kuondoka," nisingekulazimisha.

Hapana, ningekulazimisha. Ulinijua.

Mwalimu nimeshampigia simu, nimemwomba radhi, nyumba siiuzi tena. Anasema hata hivyo Bwana Pruitt anapita kesho kuuliza mara ya mwisho, afunge jalada lake. Nitampa kahawa. Nitamtembeza baraza, jiko na chumba changu. Barua hii naikunja, naiweka humu pamoja na kibati, kisha nafunga kimlango na kurudisha kalenda palepale.

Akiniuliza, nitamwambia tumetafuta, hakipo.

Binti yako,
Tonya