Bata Aliyechaguliwa na Shemeji

Mwankoko, Jumanne

Kosa ni langu, nakiri. Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, alipofika asubuhi, nilimwambia kwa adabu niliyofunzwa misheni: "Karibu, shemeji. Bata hao, chagua wa kitoweo." Nilidhani angechagua mmoja wa madume wawili. Ndivyo afanyavyo mgeni muungwana.

Akamnyooshea kidole yule jike mweupe, wa mwisho aliyelelewa na mke wangu. "Huyu kanenepa, shemeji. Bila shaka amekoma kutaga."

Yai lake la leo lilikuwa mfukoni mwangu, bado lina joto. Sikulitoa. Ningemwaibisha mgeni.

Bandani sasa wamebaki madume watupu.

Shemeji aliusifu mchuzi mara tatu. Nami, Mungu anisamehe, nilimshukuru kila mara.